Hali: Nzuri, Wastani, Mbaya

Nilipewa kamera ya ofisi, mkanda wake umeungwa kwa waya,
na fomu arobaini zenye safu tatu:
jina la mahali, namba ya picha, hali.
Chini ya hali, visanduku vya kutia vema:
nzuri, wastani, mbaya.
"Anzia Msimbazi, malizia Kunduchi,"
alisema Bwana Mhando bila kuinua kichwa,
"kabla magreda hayajashuka."

Jumatatu mto ulikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa.
Orodha ilisema: mkuyu, mahali pa tambiko.
Nikakuta vijana wanachota mchanga kwa ndoo za rangi.
Mkuyu hakuna. Kuna kisiki, na juu ya kisiki redio.
"Ndipo hapa?"
Mmoja akapunguza sauti,
kama mtu aliyeambiwa kuna mgonjwa chumba cha pili.
Akasema yuko bibi wa Vingunguti, huja kila mwaka,
humwaga unga penye mizizi, haongei na mtu.
"Siku hiyo hatuchimbi."
Nilipiga kisiki. Nikapiga ndoo.
Kwenye hali kalamu ikasimama,
nikaikunja fomu.

Mto unapoingia baharini, darajani Salenda,
mikoko imeshika viatu.
Nilihesabu kumi na tisa, vyote vya mguu wa kushoto.
Havimo kwenye orodha. Nilipiga hata hivyo.

Msasani, kaburi liko kati ya ukuta wa hoteli na jenereta.
Mlinzi, Kibwana, alitaka barua.
Akaisoma polepole, kidole kikifuata mstari,
kisha akaikunja na kuitia mfukoni mwake, siyo mwangu.
"Huyu nalinda naye lindo la usiku miaka sita," akasema.
"Umeme ukikatika, jenereta likanyamaza,
ndipo tunapata nafasi ya kukaa."
Jina kwenye jiwe limeliwa na chumvi,
imebaki *binti*, na nusu ya herufi
inayoweza kuwa mwanzo wa yeyote.
Mama yangu naye ni binti wa pwani hii.
Sikulipeleka wazo hilo mbali, jua lilikuwa kali.

Alhamisi, Kunduchi.
Nguzo ya kaburi imesimama, imeinama kidogo,
kama mtu mzima anayesikiliza kwa sikio zima lililobaki.
Na juu yake, kuanzia nguzo hadi mpapai,
kamba ya nguo:
kanga mbili, sare ya shule, soksi.
"Usipige!" mama mmoja akaja mbio, mikono ina povu.
"Ngoja nianue, serikali itaona chupi zetu."
Jina lake Mwantumu.
Alipomaliza kuanua akanitazama, akatazama kamera.
"Umeshawasalimia?"
"Akina nani?"
"Si hao unaowapiga!"

Nilishusha kamera. Nilikuwa nimepita mto mzima,
nimepita pwani yote,
nikiingia majumbani mwa watu bila hodi.
Akanitangulia kutoa salamu, nami nikafuatisha,
sauti yangu ikinikwama kama ya mtoto wa chuo siku ya kwanza.

Kwenye nguzo kuna matundu ya duara.
Humo yalikaa bakuli za Kichina, za buluu na nyeupe,
zikang'olewa na wageni kabla bibi yake hajazaliwa.
Tundu la chini, usawa wa kifua chake,
Mwantumu huweka vibanio vya nguo
na kipande cha sabuni.
"Wananitunzia," akasema. "Hakijapotea hata kimoja."

Nikamwomba arudishe kanga kambani.
Nikapiga.

Ijumaa nilirudisha fomu.
Bwana Mhando akazipekua, akarudi nyuma, akapekua tena.
Chini ya nzuri, wastani, mbaya,
nilikuwa nimechora kwa mkono kisanduku cha nne,
nikakitia vema kila ukurasa:
*pana wenyewe.*

Akavua miwani.
Akauliza kisanduku hiki
nimekitoa wapi.