Wapangaji

Kopo la kwanza lilikuwa jekundu.
Bwana mwenye koti la kumeremeta alinipa brashi ya inchi tatu,
akasema: mlango mmoja, shilingi hamsini.
Milango arobaini na mmoja hapo Gatina,
ploti ya marehemu Gathogo, bati kwa bati.
Nilishahesabu elfu mbili na hamsini
kabla sijahesabu kwamba wa ishirini na tisa
ni wangu.

Eksi ya Mama Nekesa niliichora ndogo.
Alikuwa anachuja chai. Akasema tu,
"Paka vizuri, Nzioki, usinichafulie kitasa."
Halkano aliomba apakiwe upande wa ndani,
watoto wasione. Nikamwambia sheria ni nje.
Sheria! Mimi, na kopo langu.

Mlango wangu niliuacha wa mwisho,
nikaupaka haraka, kama mtu anayejinyoa bila kioo.
Syombua hakutoka kutazama.
Hamsini ile tulinunulia nyanya, na zilikuwa mbichi.

Kwenye karatasi waliyobandika tuliitwa wapangaji.
Kwenye karatasi nyingine, ile ya ramani, yenye mhuri,
wamo wapangaji pia: wapangaji wa jiji.
Neno moja, kama suti ya kuazimana.
Mimi nilipanga chumba,
nikapanga foleni ya maji, nikapanga sufuria juu ya kabati,
kumbe muda wote huo
nilikuwa nimepangwa.

Miaka miwili baadaye wakanipigia simu.
Nani ana mkono ulionyooka kuliko Nzioki?
Kopo la pili lilikuwa jeupe.
Huko juu taa zimening'inia kama mvua iliyogoma kufika chini,
na kuna duka la mishumaa, mishumaa mitupu,
ile tuliyowasha stima ikikatika, tukiomba radhi kwa wageni.
Mimi niliteremshwa orofa ya pili chini ya ardhi,
mahali ambapo shimo la choo chetu
lingekuwa juu ya kichwa changu.

Kipimo: mita mbili na nusu kwa tano.
Nikalaza utepe, nikapiga chaki, nikasimama.
Chumba chetu kilikuwa futi kumi kwa kumi.
Nikajaribu kukiingiza katikati ya mistari.
Kwa upana kiligoma kidogo, nikakisukuma kwa urefu:
kitanda hapa, pazia, jiko, beseni la Syombua,
begi la shule la Mutheu. Kikaenea.
Ikabaki na nafasi
ya kiti ambacho hatukuwahi kununua.

Saa moja, shilingi mia.
Gari likilala mwezi mzima ni elfu sabini na mbili.
Sisi, vichwa vinne, tulidaiwa elfu nne na mia tano,
na tarehe sita Keino wa kodi alikuja na nyundo
kuchukua mlango.
Gari likichelewa, kizuizi kinainuka,
sauti ya mwanamke inaliambia karibu tena.

Siku hizi natoka Gikambura saa kumi alfajiri.
Njiani kuna bango: NYUMBA ZA BEI NAFUU,
na familia inayocheka mpaka magego.
Nafuu. Nijuavyo, ni neno la kumuulizia mgonjwa.
Amepata nafuu?
Bado, lakini tumeambiwa tungoje.

Baada ya mistari, namba.
Ishirini na saba. Ishirini na nane.
Hapo mkono ukakumbuka njia nyingine,
mshazari, kutoka pembe hadi pembe,
nikaukamata kwa mkono wa pili.

Msimamizi alipita jioni na tochi.
"Kazi safi. Ila hii ishirini na tisa,
mbona imepinda?"
"Hapo pana kizingiti," nikamwambia.

Akainama, akapapasa saruji kwa kiganja,
mbele, nyuma,
akitafuta.