Kadi Namba Nne

Minza, hii si yako. Yako ni ile namba moja,
yenye mstari wa uzito uliopanda, ukapanda,
mpaka ukatoka nje ya karatasi ukaenda shule.
Hii ni yangu. Namba nne. Imekaa chini ya godoro,
imepigwa na mvuke, wino umevimba.

Soma hapo. Saa arobaini na nane: pana tiki.
Siku ya saba: patupu.
Hapo patupu ndipo ninapotaka kukusimulia.

Ulizaliwa Igombe, mwaka ambao mvua ilikataa kukatika
na ziwa likapanda likala vichanja vya dagaa,
likala na choo cha mzee Lusato.
Mabondo hayakuwa na mnunuzi. Baba yako
alishinda akihesabu nyavu zilezile.
Bibi yako alitaka uitwe Barakoa. Nilikataa.

Watu walisema ugonjwa unalala zahanati.
Walisema wanaokupima ndio wanaokutia.
Ukikohoa mlangoni, walisema, hurudi.
Mimi sikukohoa. Nilikuwa navuja,
na titi la kushoto limekuwa jiwe,
jiwe kama haya yetu ya Mwanza,
jua limeshinda juu yake, usiku halipoi.

Bibi akachemsha mchaichai, malimao, majani ya mpera,
akatufunika blanketi moja nyumba nzima.
Alinipenda. Useme hivyo pia ukisimulia.
Lakini homa yangu haikuwa ya mapafu.

Waliokuja kukutazama walisimama nje, wakasalimu kwa viwiko.
"Mtoto hajambo?" Hajambo.
"Ananyonya?" Ananyonya.
"Kitovu kimeanguka?" Kimeanguka.
Majibu yote yalikuwa yako.
Mimi nilikuwa ukuta ulioegemezwa mtoto.

Usiku wa kumi na moja nilikushika nikauliza,
huyu ni wa nani?

Asubuhi Nyangeta, yule muuza maandazi, hakuuliza kitu.
Alichana kitenge chake kwa wembe,
akashona barakoa mbili kwa mkono;
mpira wa kamba akautoa kwenye chupi kuukuu,
akacheka peke yake.
"Twende. Tutakaa mbali nao.
Ikibidi, tutakaa mbali hata na sisi wenyewe."

Ndoo yenye koki. Kipande cha sabuni
kimefungwa kamba kama mbuzi.
Benchi lina alama za chaki: mtu, nafasi, mtu, nafasi,
na nafasi zilikuwa nyingi kuliko watu.
Nesi alikuwa macho tu. Mdomo wake sikuuona;
hata leo nikigongana naye soko la Kirumba
nitamwomba radhi kama mgeni.
Alikupima, akakurudisha mikononi mwa Nyangeta,
kisha akavuta kiti.
"Na wewe, mama, je?"

Nililia, Minza, nikailowesha ile barakoa
mpaka nikawa navuta pumzi kupitia maji.
Akasema, ishushe kidogo. Akafungua dirisha.
Akabonyeza tumbo, akalikamua lile jiwe
kwa glavu baridi, taratibu, mpaka likakubali.
Akanipa vidonge vya siku kumi.
Halafu kwenye kadi, katikati ya mistari miwili,
mahali ambapo hapakuwa pa kuandikia,
akaandika kwa kalamu nyekundu: amekuja.

Hakuandika amechelewa.

Holo wa kule mwaloni alijifungua wiki ileile.
Kadi yake sijui ilizikwa naye au iliwashia moto.
Mwanawe ndiye yule mnayegawana penseli,
anayelelewa na bibi.
Kesho ukipita kwao, usiishie kumwita rafiki yako dirishani.
Ingia. Msalimie yule bibi.
Muulize hali yake yeye,
na ungoje ajibu.