Hawakumaliza Dozi

Mimi ndiye niliyepanga namba.
Maskati, mwezi wa sita, barabara zimefungwa,
kiyoyozi cha maabara kinadondosha tone, tone,
kwenye ndoo tupu ya rangi,
na Daktari Mundhir amesimama nyuma ya kiti changu:
"Tuirushe makala usiku huu. Wahakiki tutawangoja hadi lini?
Watu wanakufa."

Kweli, walikuwa wanakufa.
Wawili walikufa kwetu.

Wagonjwa kumi na tisa, mstari kwa mstari.
Wa saba, Bi Shinuna binti Hamdun, wa Samail,
mzaliwa wa Wete, aliyeshikilia mpaka mwisho
kwamba halua ya huku imezidi zaafarani:
alimeza vidonge siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Ya nne, kitanda kikatandikwa upya.
Wa kumi na sita, fundi bomba kutoka Bangladeshi.
Jina lake lilikosewa mara mbili kwenye faili;
mara ya tatu hakuna aliyejali kulisahihisha.

"Hao hawakumaliza dozi," akasema Daktari. "Watoe."

Nikawatoa.
Kidole kimoja, kitufe kimoja.
Wakabaki kumi na saba, wote wazima,
jedwali likang'aa kama sinia la siku ya Idi.

Kulipokucha dunia ilikuwa imeshatusoma.
Adhuhuri, foleni Ruwi, nje ya kila duka la dawa.
Magharibi, pakti ya mwisho imekwenda kwa bei ya mbuzi.
Na Ghaniya wa Nizwa, ambaye vidonge hivyo
ndivyo vinavyomwamsha kitandani tangu usichana wake,
akanipigia: "Dada, huko kwenu haipatikani hata pakti moja?"
Sauti ilikuwa mbali. Simu kailaza mezani;
vidole havikunjiki kuishika.

Haraka haina baraka, tulifunzwa chuoni.
Lakini kuchelewa nako kunaua, sikatai.
Ukweli nao ungeweza kukimbia usiku ule ule:
kumi na tisa, wawili wamekufa,
hatujui.
Neno moja hilo. Halikuwa na pa kukaa.

Masahihisho yalitoka baada ya miezi mitano,
Ijumaa alasiri, watu wamejilaza,
mistari mitatu, herufi kama mayai ya chawa.
Hayakutaja jina. Si langu, si lao.

Jedwali la mwanzo ninalo bado.
Kuna usiku nalifungua,
namrudisha wa saba, namrudisha wa kumi na sita,
natazama wastani ukishuka.

Kisha nafunga bila kuhifadhi.