Kiti cha Dereva

Leksini nimeipata Mlango Mmoja, mita tatu,
rangi ya maini; nyekundu ilinishinda bei.
Dari nimeivika pazia la sebuleni.
Nyanzobe kanuna siku mbili, kisha
akaniazimia sindano ya magunia.

Chini ya kiti cha nyuma: magamba ya sato,
kifungo cha sare ya shule, changu nadhani,
na harufu ya dagaa ambayo
sabuni ya mche imeibembeleza bure.

Fundi Lushinge asema sponji zote zitupwe.
Nimetupa. Hii ya dereva, hapana:
imebonyea upande wa kulia,
baba alikoegemea mlango
kuisikiliza Pijo ikiukwea mlima wa Bugando.

Naishonea leksini hivyo hivyo, na shimo lake.

Nikiketi, napwaya.