Mwenye Shamba Sijamwona

Nilikuwa msusi tu, Mwanjelwa, kibanda cha tatu
kutoka kwa wauza mitumba,
siku alipoingia mwanamke mwenye koti la mvua
akasimama kunitazama nikigawa nywele za mteja
kwa mpini wa chanuo.
Hakutaka kusukwa.
"Mistari hiyo unaipimaje?"
Kwa jicho, nikasema.
"Jicho hilo nalitaka. Mshahara ni mdogo."

Ndivyo nilivyomfuata Dokta Subilaga Mwandemele
nyuma ya wodi namba tano, iliyokuwa stoo ya vitanda,
kwenye mashine iliyokuja kwa meli, kwa treni,
na mwisho juu ya lori la viazi:
kalamu kumi na sita, na karatasi ndefu
kuliko subira ya waliomcheka.

Kazi yangu ilikuwa kukata kichwa viwanja,
kutoka shina la pua hadi nundu ya kisogo,
sikio hadi sikio,
na kila njia panda kubandika kijisahani cha fedha.
Kisha yeye: "Tulia. Fumba macho. Usitafune kitu."
Kalamu zikaanza kulima.

"Hiki Loleza," angesema, kidole juu ya wimbi,
"na hapa tumeteremkia Usangu, mtoto kasinzia."
Mwiba ulipochomoza, mwiba juu ya mwiba,
hakuupa jina la mlima wowote.

Mara moja tu alinisimulia, umeme wa mji umekatika,
tumekaa gizani na mgonjwa kalala.
Kaka yake, Ambilikile. Tukuyu, msimu wa mvua.
Aliangukia mafigani, na watu wazima
wakarudi nyuma kwa kuogopa povu.
"Mimi nilikuwa na miaka saba,
na ndoo ya maji mkononi, imejaa.
Nami nilirudi nyuma."
Taa zikawaka.
"Endelea na sikio la kushoto," akasema.

Wakubwa wa ng'ambo waliandika:
mawimbi yenu hayafanani na yetu,
huenda mashine imeingia unyevu.
Hakubishana. Aliwapelekea makasha ya karatasi,
miaka minne, vichwa mia nne na kumi na viwili,
vyote nimevichana mimi.
Jibu likaja, sentensi moja ya kukiri kosa.
Aliikunja akaweka chini ya mguu wa meza
uliokuwa unayumba.

Umalila, kwenye mashamba ya pareto,
bibi mmoja alishika mkono wa mjukuu wake akauliza:
"Mnamchora roho?"
"Hapana, bibi. Nasikiliza kelele za shambani.
Mwenye shamba sijamwona."
Kisha akampangusa mtoto povu
kwa upande wa kitenge chake mwenyewe,
polepole, watu wote wakiona.

Juni iliyopita nilipanda Tukuyu kumjulia hali.
Jina langu lilikuwa limemtoka.
Nikamwomba nimchane. Nywele nyeupe, laini kama sufi,
na mpini ukaenda wenyewe, bila uzi, bila alama:
pua, kisogo, sikio, sikio.
Nilipogusa njia panda ya kwanza
alifumba macho. Akaacha kutafuna.

"Kalamu zinasemaje?" akauliza.

Mashine ilikwisha kuliwa na kutu zamani.
Nikainua macho dirishani, ukungu unapasuka,
nikaanza kumsomea nilivyoviona:
Rungwe, Dokta. Mteremko. Migomba.
Tena mteremko.