Lisemwalo

Hamburg, Januari. Wakili wa gazeti anainua picha:
koti la sufu, mkono juu ya tumbo.
"Mheshimiwa Jaji, msomaji angeelewaje?"

Annegret Uhlsen, aliyeigiza muuguzi
miaka kumi na mmoja, kila Jumanne usiku,
anautazama mkono ule kama wa mtu mwingine.
Siku ile kifungo kilikatika.
Kifungo tu. Upepo ulivuma, akashika koti.

Lisemwalo lipo, husema watu,
kama halipo laja.
Hakumwambia jaji kwamba haliji,
kwamba daktari alishalifunga faili hilo
kabla ya picha, kabla ya koti.
Angetamka, wangeliuza wiki ijayo.

Akashinda.
Kanusho likachapwa ukurasa wa mbele,
herufi zilezile, unene uleule:
SI MJAMZITO.
Nchi nzima ikalisoma tumbo lake mara ya pili.

Jumamosi, mwoka mikate wa Altona
alimfungia mikate sita, akatia wa saba,
akakonyeza: "Huu wa mdogo."
Annegret akalipa. Akasema ahsante.
Koti alilishika kwa mkono;
kifungo hajakishona bado.