Ramani ya Kabla ya Moto

Niliinunua Bit Bazaar, Jumamosi,
kwa yuro kumi na moja na maneno mengi,
katikati ya pasi za makaa na wanasesere wasio na macho.
Anestis alitaka kumi na tano.
Nikamwonyesha tundu la nondo pale bandarini.
"Hilo si tundu," akasema, "hiyo ni bahari."

Miaka thelathini na miwili nimebeba barua za Salonika.
Magoti yangu yanaijua kila ngazi,
kidole hiki kinajua kengele ipi hupiga shoti mvua ikinyesha,
nani alipokea pensheni, nani hati za mahakama,
nani alingoja barua ya Melbourne
mpaka akaacha kuja mlangoni.
Nikajisemea: leo natembea bila mkoba,
nione karatasi hii itanifikisha wapi.

Haikunifikisha mbali.
Inasema, pinda kushoto, Uchochoro wa Washona Viatu.
Kushoto ni ukuta wa benki.
Inasema, nyoosha, utakuta kisima.
Nikanyoosha nikakuta duka la simu
na binti mwenye kucha za kijani.
Kuuliza si ujinga. Nikamuuliza kisima.
Akainama akatazama vigae, kwa adabu kabisa,
kana kwamba nimekiangusha.

Wasema moto ulianzia jikoni kwa mtu,
bilinganya zikikaangwa, Agosti, upepo mkali.
Moto haugongi hodi, hausomi namba ya nyumba.
Ulipokwisha kula
wakaja wenye rula.
Ndiyo maana barabara zetu za katikati zimenyooka hivi,
mtu huona bahari kabla hajaamua kwenda huko.
Lakini kwenye karatasi vichochoro bado vimesokotana
kama utumbo wa kuku,
na majina ya lugha nne yamevalishwa herufi za Kifaransa,
watoto wa mama mbalimbali
ndani ya sare moja ya shule.

Na kuna duara dogo la penseli.
Nani alilichora, sijui.
Nikapima kwa dole gumba, nikahesabu hatua,
nikauvuka mtaa wa Egnatia taa ikiwa nyekundu,
nikapigiwa honi, nikatukanwa, nikafika:
maegesho ya magari nyuma ya kliniki ya meno.

Napajua hapa!
Hapa ndipo mbwa aliponing'ata, mwaka tisini na nne,
barua zikatawanyika matopeni.
Nikapandisha suruali nihakikishe. Kovu lipo.
Juu, Bi Zafiro alikuwa akianika shuka.
"Mbwa wa Lazaridis? Alikufa zamani, pumzika."
"Na kabla yake, hapa palikuwa na nini?"
Akatoa kibanio mdomoni.
"Kabla ya nini?"

Kabla ya moto?
Kabla ya meli zilizowachukua Waislamu
zikamleta bibi yangu na cherehani yake
katika nyumba yenye majivu ya moto wa watu wengine?
Kabla ya yale mabehewa ya arobaini na tatu,
yaliyoondoka na mitaa mizima,
na barua zao zikaendelea kuja,
nani alizipokea?
Mji huu una kabla nyingi.
Nikamwambia, "Basi, Bi Zafiro. Shuka zako zitaanguka."

Jioni nikapanda Ano Poli, ambako moto haukufika.
Kona ya kwanza: ipo.
Ya pili: ipo, na paka juu yake.
Nikatembea kama kijana, karatasi na miguu vikiitikiana,
nikapotea mara moja tu,
mahali ambapo hata mchoraji, naona, alipotea.

Mazoea yana taabu.
Nyumbani, kabla sijavua viatu,
nikageuza ramani nikaandika nyuma kwa penseli
kama nilivyoandika kwenye bahasha elfu na elfu:
*Mpokeaji amehama.*
Nikaiangalia. Nikafuta neno la pili.
Sikupata la kuweka.

Kesho naanzia bandarini,
pale kwenye tundu.